Usiniambie una bakapu kama hujawahi kuirudisha

Msee, picha zako ziko wapi? Najua jibu: "ziko kwa Google." Sawa, lakini ukifuta picha ndani ya Google Photos, inatoka kwa simu na kwa akaunti pia. Inakaa kwa pipa siku 60, kisha kwaheri. Hiyo si nakala. Ni kitu kimoja unachokiona mahali pawili.

Wazee wa Unix walilijua hili kabla hatujazaliwa. Ile amri ya tar iliyo kwenye kila Linux ilitengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuhifadhi faili kwenye kanda za sumaku, ndugu wa kaseti za benga za babu yako. (Mimi chuo nilikiacha njiani, lakini tar naijua.) Usiku mashine ilinakili diski nzima kwenye kanda, asubuhi kanda ikatolewa na kufungiwa kabatini. Ukikosea ufute kila kitu, kosa lako halifiki kwa kabati.

Unacheka kanda? Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail. Google walikuwa na nakala katika vituo kadhaa, lakini hitilafu ilizifikia pia. Kilichowaokoa ni kanda, kwa sababu hazikuwa zimeunganishwa na chochote.

Ila kanda si hirizi. Mwaka wa 1998, huko Pixar, Marekani, mtu alitoa amri ya kufuta, na Toy Story 2 ikaanza kuyeyuka watu wakitazama. Wakakimbilia nakala. Kumbe hazikuwa zikifanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyekuwa amegundua! Filamu iliokolewa na Galyn Susman, mama aliyekuwa na mtoto mchanga na akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ilikuwa na nakala.

Sasa njoo hapa mtaani. Muulize mpiga picha wa harusi, au jamaa wa mwaka wa nne mwenye mradi wake kwa flashi moja: mara ya mwisho kufungua faili kutoka kwa hiyo bakapu ni lini? Atakuangalia tu. Na bibi harusi hawezi kuolewa upya ndiyo upate picha.

Mimi naona kunakili ndiyo kazi rahisi. Kazi yenyewe ni kurudisha. Wikendi hii chukua diski ya nje, nakili, ichomoe, iache kwa shosho au kwa beste. Ikibaki imechomekwa kwa laptopu, virusi vinavyofunga faili vitaila nayo. Kisha mwezi ujao ifuate, chagua faili tatu bila kuangalia, uzifungue kwa mashine ya mtu mwingine. Diski ni ghali? Anza na folda moja, ile ambayo ikipotea leo utalia.