Ubwari: tusiwaachie wageni peke yao kazi ya kuandika

Ukisimama pwani ya Baraka na kutazama mashariki, ng'ambo ya ghuba, unaona milima ya Ubwari. Ni rasi ndefu ya mawe na fukwe, inayoingia ndani ya ziwa Tanganyika hadi ncha yake ya kaskazini, Cap Banza. Lakini anayetaka kusoma historia yake husoma zaidi maandishi ya wageni.

Mwaka 1858 Mwingereza Richard Burton alipita hapo kwa mtumbwi akielekea Uvira. Aliandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Alikosea, na bado ghuba yetu inaitwa kwa jina lake. Mwezi wa nne 1965 Che Guevara alishuka Kibamba, kusini zaidi katika Fizi. Vita ile nayo wengi wanaisoma katika daftari lake.

Mwezi wa nne 1987 watafiti walikuta chemchemi za moto chini ya maji, Cap Banza na Pemba. Wazamiaji 10 walirudi mwaka 1991 wakapima joto la nyuzi 53 hadi 103. Cap Banza maji hayo yamejenga mabomba ya chokaa, makubwa yakifikia sentimita 70. Nanga moja inatosha kuyavunja. Ni wanafunzi wangapi wa Fizi wamefundishwa hayo?

Tutaambiwa: usalama kwanza. Ni kweli. Mtalii haji penye milio ya risasi, na familia ambayo nyumba yake imemezwa na ziwa ina shida nyingine. Lakini kuandika hakungoji watalii. Wazee wanaojua majina ya mawe, makaburi ya zamani na njia za mitumbwi hawatangoja amani.

Territoire ya Fizi na meya wa Baraka waanze mwaka huu: machifu, walimu na wanafunzi wakae na wazee wa Ubwari, waandike kila mahali na kuchora ramani. Ulinzi ufuate baadaye, kwa makubaliano. Itombwe imetufundisha: hifadhi ilitangazwa mwaka 2006 kabla ya kuelewana na wakaaji, na mipaka ikazua malalamiko kwa miaka. Ubwari, wakaaji waulizwe kwanza, na daftari hilo libaki Fizi, katika shule zetu.