Santuri za Mamilioni? Staa Aonyeshe Risiti Kwanza!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, ambaye ameacha kupiga picha na magari ya kukodi, sasa kahamia kwenye santuri. Kila wiki anaibuka na rundo la sahani za zamani, anatabasamu, halafu anawaambia wafuasi wake eti moja tu kati ya hizo inanunua kiwanja Kigamboni. Ukimfuata inboksi, bahati njema, anayo ya kukuuzia. Laki mbili, laki tatu, ukilia sana anakupunguzia.

Sasa kama sahani ina thamani ya kiwanja, kwa nini anaiachia kwa laki mbili? Madogo kadhaa wameuliza, wakablokiwa.

Ukiangalia vizuri alichoshika ndiyo unachoka kabisa. Thriller ya Michael Jackson ya mwaka 1982, albamu iliyouzwa kuliko zote duniani. Nightflight to Venus ya Boney M ya mwaka 1978, nayo iliuzwa kwa mamilioni. Na Jim Reeves, maana mzee gani aliyekuwa na mashine ya kupigia sahani miaka ile alikosa Jim Reeves? Ni muziki mtamu, hakuna ubishi, na anayetaka kuusikiliza anunue kwa raha zake. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni hakiwi adimu kwa sababu tu kina vumbi. Huko Ulaya na Marekani sahani kama hizo zimejaa kwenye maboksi ya bei chee, dola chache tu, na zikiwa na mikwaruzo hakuna anayeinama kuziokota.

Ushahidi mkubwa wa staa ni picha ya skrini, sahani imewekewa mamia ya dola mtandaoni. Hiyo ni bei ya kuomba! Mtu anaweza kuziwekea hata kandambili zake milioni tano na asikamatwe na yeyote. Cha kutazama ni bei ambayo mtu kweli alilipa. Tovuti ya Discogs inaonyesha hilo bure kabisa: toleo fulani limewahi kuuzwa bei ya chini kiasi gani, ya kati kiasi gani, ya juu kiasi gani, na mara ya mwisho liliuzwa lini. Ila lazima uoanishe namba iliyoandikwa kwenye lebo na ile iliyochongwa kwenye nafasi tupu kuizunguka lebo, maana albamu hiyohiyo ilitolewa nchi nyingi na miaka tofauti. Toleo la kwanza na la kurudiwa si bei moja. Staa haonyeshi lebo kwa karibu hata siku moja.

Na wakati vijana wa mjini wanaliwa hela kwa Boney M, kuna dalali, naye jina kapuni, anayezunguka Tanga na Morogoro akinunua santuri kwa kiroba. Huyu hapigi picha. Anabisha hodi, "Shikamoo babu, kuna zile sahani za zamani?" Babu anaitika marahaba, anamtolea kwanza zile kubwa zenye majalada ya rangi, kwa sababu ndizo alizosikia zina hela. Dalali anazisifia, kisha anauliza kama kuna "vile vidogo vya kutupwa". Hivyo anapewa kama nyongeza.

Vile vidogo ndivyo alivyovifuata. Sahani za inchi 7, wimbo mmoja kila upande, nyingi hazina hata jalada la picha. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha santuri enzi hizo, kwa hiyo nyimbo za bendi zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi, nyingine kwa idadi ndogo, zikapigwa kwenye mabaa mpaka zikachakaa. Iliyobaki safi ni ya kutafuta kwa tochi. Na wanaoitafuta wapo: mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyiko uitwao Kenya Special, wa nyimbo zilizotoka Kenya miaka ya 70 na 80, na wakusanyaji wa Ulaya wanaziwinda sahani zenyewe. Zipo zinazouzwa makumi ya dola, chache hupita mia. Si kiwanja Kigamboni, lakini si nyongeza ya kiroba pia.

Tena hata hizo si zote. Wimbo uliovuma sana una nakala nyingi. Sahani iliyopinda kwa joto, au ambayo sindano inaruka kila mzunguko, inabaki kumbukumbu ya familia tu. Zile nzito za kale zaidi, enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zikianguka zinavunjika kama kigae, na hazitaki sindano ya mashine za kisasa. Mwenye nazo asizisugue kwa sabuni ya unga wala asiloweshe lebo. Azisimamishe wima, ndani, mbali na joto, azipige picha pande zote mbili, ajue namba zake kabla hajataja bei kwa mtu yeyote mwenye kiroba.

Dalali anayajua yote haya, ndiyo maana anakaa kimya. Staa ama hayajui ama anayajua akaamua kuwapiga mashabiki wake. Juzi katangaza mzigo mpya umeingia, wahi kabla haujaisha. Kwenye picha, santuri zote zimeegeshwa dirishani, jua la saa saba linazichoma.