Kinga ya Askari Huanzia Mikononi mwa Fundi

Askari avaapo kofia ya kinga kabla ya kwenda doria, hana nafasi ya kuipasua ili aone kilichomo ndani. Huiamini tu, kama amwaminivyo mwenzake aliye nyuma yake. Leo tunapenda kueleza imani hiyo inajengwa juu ya nini, na kwa nini isiwe imani ya upofu.

Kwa miaka mingi majeshi yalitegemea kofia za chuma. Mwaka 1965 mkemia Stephanie Kwolek wa kampuni ya DuPont, Marekani, alifanya ugunduzi uliozaa nyuzi ziitwazo Kevlar, ambazo kwa uzito ulio sawa huishinda feleji kwa nguvu mara tano. Katika miaka ya 1980 jeshi la Marekani lilianza kuvaa kofia za matabaka ya nyuzi hizo, yaliyoshikanishwa kwa gundi, joto na shinikizo.

Ufundi huu si mgeni kwetu. Nyumba ya fito na udongo husimama kwa sababu hiyo hiyo. Fito peke yake hazizuii upepo. Udongo peke yake hubomoka. Vikiunganishwa, kila kimoja huficha udhaifu wa mwenzake. Hivyo ndivyo zilivyo malighafi mseto: nyuzi hubeba nguvu, gundi huzifunga pamoja. Lakini fundi akiacha mahali pasipopata udongo, ukuta huo una ila tangu siku ya kwanza.

Ila ya namna hiyo ndiyo iliyochunguzwa na Profesa Suresh Advani, mhandisi wa mitambo wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, ambako kituo cha utafiti wa malighafi mseto kilianzishwa mwaka 1974. Katika njia mojawapo ya kutengeneza vipande vya magari, mashua na ndege, nguo kavu ya nyuzi hulazwa ndani ya kalibu, kalibu hufungwa, kisha gundi ya majimaji hupenyezwa. Gundi hiyo, mithili ya maji ya mvua, hufuata njia nyepesi. Ikipata upenyo mdogo pembeni, hukimbilia huko na kuacha mahali pengine pakavu. Kipande kikitolewa huweza kung'aa kama vingine, kumbe ndani kina pengo.

Profesa huyo na wenzake walitunga programu ya kompyuta ya kukadiria mwendo wa gundi kabla haijamiminwa. Tena walitumia vihisio ndani ya kalibu, ili gundi ikipotea njia, mlango mwingine ufunguliwe na pengo lizibwe mapema.

Hata hivyo, kazi ya fundi haiishii kiwandani. Mwaka 2003, katika jimbo la Pennsylvania, askari polisi alijeruhiwa baada ya risasi kupenya fulana yake ya nyuzi za Zylon, ingawa fulana hiyo ilitengenezwa kuzuia risasi ya aina ile. Uchunguzi ulibaini kwamba nyuzi hizo hudhoofishwa na unyevu, na mwaka 2005 serikali ya Marekani iliacha kuzithibitisha fulana hizo. Fulana ilikuwa na sura ya kinga, lakini nguvu yake ilikuwa imekwisha kupungua.

Kwa hiyo hatuna budi kusema wazi. Mnunuzi wa vifaa asitazame bei tu. Adai vyeti vya majaribio. Mtunza bohari aandike tarehe ya kutengenezwa kwa kila kifaa, na kilichopitwa na wakati akiondoe. Nanyi askari, msikalie kofia wala kuitoboa, wala msiache fulana juani au ikiwa mbichi. Aonaye ufa amwarifu mkuu wake siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yenu, huenda asibaki mtu wa kuujenga.