Walipoandika Dawa za Nyanya Zao



Baina ya mwaka 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 nchini Ayalandi walipewa kazi isiyo ya kawaida: wawaulize wazazi na wazee wa kijiji mambo ya kale, kisha wayaandike madaftarini. Miongoni mwa waliyoyakusanya ni dawa za nyumbani, kwani huko mashambani daktari alikuwa mbali, na malipo yake yaliwaelemea wengi.

Tukizitazama dawa hizo, twaziona katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lina manufaa. Mwani uitwao carrageen, uokotwao miambani maji yakipwa, ulichemshwa katika maziwa akanyweshwa mwenye kikohozi. Ute wake hulituliza koo. Mkate ulioroweshwa kwa maji moto ulibandikwa juu ya jipu, na joto likaliivisha.

Fungu la pili ni la matumaini matupu. Mtoto mwenye kifaduro alipitishwa chini ya tumbo la punda. Au alisimamishwa mpita njia aliyepanda farasi mweupe, akaulizwa dawa, na lolote alilolitaja likafuatwa. Punda hamdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kucheleweshewa tiba, kwani kifaduro huua, hasa watoto wachanga.

Fungu la tatu ni hatari. Kuna mmea wenye maua ya zambarau, foxglove, uliotumiwa kwa mtoto aliyedhoofika ghafla, wazee wakidhani amebadilishwa na viumbe wasioonekana. Ndani ya jani lake mna dawa ya moyo ambayo matabibu huipima kwa uangalifu mkubwa, kwani ikizidi kidogo tu, moyo waweza kusimama.

Watoto wale hawakutakiwa kuchambua. Waliandika kama walivyosimuliwa, lenye kufaa na lisilofaa, na kwa hilo twawashukuru: kuandika si kuidhinisha, bali lililoandikwa laweza kupimwa, na lililozikwa na mwenyewe halipimiki tena.

Basi, akina mama, waacheni watoto wawaulize nyanya zao, na waandike kila wanaloambiwa. Lakini mtoto akikohoa hata pumzi ikamkatika, mkimbizeni hospitali. Kisa cha punda atasimuliwa akipona.