Tupime Kabla ya Kufyatua

Wahenga walituachia usemi kwamba tahadhari kabla ya hatari. Usemi huu tumeukariri madarasani miaka nenda miaka rudi, tukauandika ubaoni, tukautungia insha, na mara nyingi tukauacha papo hapo ubaoni. Leo ningependa kuutazama kupitia mchezo ambao ni nadra kuzungumziwa katika safu kama hii, yaani mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya marisau. Siwahimizi walimu na wanafunzi kutafuta bunduki, la hasha. Nataka tulichunguze jambo moja dogo ambalo walenga shabaha makini hulifanya kabla ya siku ya mashindano, na ambalo lina funzo kwa kila anayejiandaa kwa siku ya kupimwa. Lina pia funzo la lugha, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea tafsiri ya maagizo ya usalama kwa walenga shabaha. Sentensi moja ilikuwa hivi: "Hakikisha risasi imeingia vizuri, risasi ikikwama usifyatue risasi nyingine, kwani risasi inaweza kupasua bunduki." Nilimwuliza: risasi ipi? Ile inayopakiwa, ile inayoruka, au lile ganda linalobaki nyuma baada ya mlio? Akatabasamu, akasema kwamba kwa Kiswahili zote ni risasi. Jibu hilo lilinihuzunisha kidogo. Sentensi ile haikuwa na kosa lolote la sarufi, na juu ya hayo ingeweza kumwua mtu.

Hebu tuanze na vitu vyenyewe. Kile anachokipakia mlenga shabaha katika bunduki ya marisau si kitu kimoja, bali ni kifurushi chenye vitu kadhaa. Kuna ganda, ambalo siku hizi aghalabu ni la plastiki, lenye kitako cha chuma au cha shaba. Katikati ya kitako pamo fataki, ambayo hugongwa na kutoa cheche. Mbele ya fataki kuna baruti. Mbele ya baruti kuna kizibo, kinachoitenga baruti na kile kilicho mbele yake. Na mbele ya kizibo kuna marisau, yaani zile chembe ndogo za mviringo ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwa madini ya risasi. Mdomo wa ganda hukunjwa ili marisau yasimwagike.

Je, kifurushi kizima kiitweje? Kamusi za karne ya 19 zinatuonyesha kwamba Waswahili walikiita kiasi cha bunduki. Neno hilo lina asili ya Kiarabu na maana yake ya msingi ni kipimo. Aliyelitumia hivyo alijua alichokisema: baruti iliyopimwa na risasi iliyopimwa zilifungwa pamoja, zikawa kiasi. Nami katika makala haya nitalitumia neno hilo, kwa sababu limebeba ndani yake hoja yangu yote. Kiasi kisichopimwa si kiasi.

Sasa tuje kwenye ukubwa. Bunduki hizi hutambulishwa kwa geji, na geji huwachanganya wengi kwa sababu namba inavyozidi kuwa kubwa ndivyo tundu la mtutu linavyozidi kuwa dogo. Sababu yake ni ya kihistoria. Ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, takriban gramu 454, ukaigawanya katika mafungu 12 yaliyo sawa na kufinyanga kila fungu liwe tufe, tufe moja litatoshea mtutu wa geji 12, ambao upana wake ni takriban milimita 18.5. Ukiigawanya ratili ile ile mara 20, kila tufe litakuwa dogo zaidi, nao mtutu utakuwa na upana wa takriban milimita 15.6. Mwalimu wa hisabati anaweza kulitumia jambo hili kufundishia uwiano kinyume, na wanafunzi wake wasilisahau.

Tofauti hiyo ya takriban milimita 3 ndiyo iliyoleta mojawapo ya hatari kubwa zinazojulikana katika mchezo huu. Kiasi cha geji 20 kikitiwa kwa bahati mbaya katika bunduki ya geji 12, hakikai mahali pake wala hakidondoki nje. Huteleza mbele na kunasa ndani ya mtutu, mbele ya chemba, ambayo ni ile sehemu ya nyuma inakopakiwa kiasi. Mpigaji akifyatua, hasikii kitu. Akifungua bunduki, huona chemba tupu, akadhani alisahau kupakia. Hutia kiasi cha geji 12, ambacho huingia barabara, kisha akafyatua. Marisau ya nyuma hukikuta kile kilichonasa mbele, na mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wake wa mbele. Ndiyo sababu viwanda vya Marekani viliafikiana kwamba maganda ya geji 20 yawe ya rangi ya manjano, ili jicho lionye kabla ya mkono kukosea. Lakini rangi haitoshi. Mwenye busara hazichanganyi kamwe geji mbili katika mfuko mmoja.

Kuna na mtego wa urefu. Viasi vya geji 12 huandikwa milimita 70, milimita 76, na kadhalika. Asiyejua hudhani kwamba huo ni urefu wa kiasi kizima kabla ya kufyatuliwa. Sivyo. Ni urefu wa ganda baada ya mdomo wake uliokunjwa kufunguka. Kwa hiyo kiasi cha milimita 76 kinaweza kuingia vizuri katika chemba ya milimita 70, bunduki ikafungika, na kila kitu kikaonekana sawa. Hatari hujitokeza pale kinapofyatuliwa, kwani mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka, njia ya marisau husongwa, na nguvu ya gesi ndani ya mtutu hupanda kupita ilivyokusudiwa. Hapa pana jambo la kutafakari. Kuingia si kufaa. Si kila kilichoingia mahali kimepatikana kuwa ndicho kinachostahili kuwa pale, na atakaye hakika husoma maandishi yaliyo kwenye mtutu na yaliyo kwenye ganda, akayalinganisha.

Baada ya kuhakikisha geji na urefu, mlenga shabaha makini hupima kiasi kimoja kimoja. Chombo chake ni rahisi: kipande cha chuma au cha alumini chenye tundu lililochongwa kwa vipimo vya chemba iliyo finyu kabisa miongoni mwa zinazokubalika. Kiasi hutumbukizwa tunduni kwa uzito wake chenyewe, bila kusukumwa. Kikizama mpaka ukingo wa kitako ukalingana na uso wa kipimo, kisha kikadondoka chenyewe chombo kinapopinduliwa, kimefaulu. Kikisita au kuhitaji kidole, kinatengwa. Wasio na chombo hicho huwa wanautoa mtutu kwenye bunduki, iwapo ni ya aina inayofunguka hivyo, na kuutumia mtutu peke yake kuwa kipimo. Jambo wasilolifanya ni kuvipitisha viasi vizima ndani ya bunduki kamili wakiwa nyumbani, kwa sababu huko ni kuicheza ngoma ya hatari mahali pasipo na uwanja wake.

Ni nini humfanya kiasi akatae tundu? Huenda kitako kilivimba kidogo kiwandani. Huenda ukingo ulipindika kikiwa mfukoni. Huenda ganda lilibonyea au mdomo wake ukafura. Huenda pia ganda lilijazwa upya baada ya kutumiwa, na kitako chake hakikurudishwa katika ukubwa wake wa awali. Kasoro hizi ni za sehemu ndogo mno za milimita, na macho hayazioni. Katika bunduki inayojipakia yenyewe, kasoro kama hiyo yatosha kukifanya kiasi kisiingie mpaka mwisho, au ganda lisitoke baada ya mlio.

Mashindanoni, gharama yake ni kubwa. Katika mashindano yanayoendeshwa kwa kanuni za IPSC, alama za mpigaji hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Tuseme fulani amepata alama 60 kwa sekunde 20: hesabu yake ni 3. Kiasi kimoja kikikwama na kumpotezea sekunde 10, hesabu yake huwa 2. Amepoteza theluthi nzima ya matunda yake, ingawa hakukosa shabaha hata moja. Wala haruhusiwi kurudia kwa kisingizio kwamba viasi vyake vilimwangusha, maana ni yeye aliyevileta. Na iwapo mlio utasikika hafifu kuliko kawaida, ni lazima kusimama, kuipakua bunduki na kuukagua mtutu, kwani kizibo kinaweza kuwa kimebaki ndani.

Katika Michezo ya Olimpiki nako tofauti huwa ndogo ajabu. Mwaka wa 1992 mjini Barcelona, Zhang Shan wa Uchina alitwaa dhahabu katika mashindano ya skeet, ambayo wakati huo wanaume na wanawake walishindana pamoja. Alivunja visahani 200 kati ya 200 katika raundi za mchujo, akamaliza na jumla ya 223 kati ya 225. Aliyemfuata alikuwa na 222. Kisahani kimoja! Kwa watu wa kiwango hicho, kiasi kimoja kibovu si jambo dogo. Tena shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISSF, limeweka mpaka wa geji 12 na wa marisau yasiyozidi gramu 24.5 kwa kila kiasi, na wasimamizi wanaweza kuchukua viasi vya mshindani wavipime. Asiyejipima mwenyewe atapimwa na wengine mbele ya kadamnasi.

Najua kuna msomaji atakayesema kwamba huu ni mchezo wa wenye nacho, na kwamba mwalimu wa Kwale au Lodwar hana haja nao. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hilo naikubali. Sehemu ya pili siikubali. Mwalimu wa kemia anayefungua chupa za kemikali asubuhi ya mtihani wa vitendo, badala ya kuzijaribu siku kadhaa mapema, anafanya lile lile la mlenga shabaha asiyepima. Mwanafunzi anayegundua ndani ya chumba cha mtihani kwamba kikokotoo chake hakina nguvu, naye ni yule yule. Wote wawili wanajua kazi yao, na bado siku ile itawahesabia vibaya. Kujua kulenga hakutoshi ikiwa ulichokipakia hakikukaguliwa.

Lakini shabaha yangu hasa ni lugha. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi haiishii katika hotuba na mashairi ya sikukuu. Ni lugha ya maagizo: jinsi ya kutumia dawa ya kunyunyizia mimea, jinsi ya kufunga mtungi wa gesi, jinsi ya kukagua bunduki ya mlinzi wa usiku. Katika maagizo, neno moja linalobeba maana tatu ni kama kiasi cha geji 20 ndani ya bunduki ya geji 12. Huteleza, hunasa mahali pasipoonekana, na madhara yake hujitokeza neno la pili linapofuata. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa hakika ulimi wa mwenye kutoa maagizo hujikwaa kwa niaba ya mwingine.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za mambo kama haya. Madai hayo ni ya uvivu. Fataki, baruti, marisau, mtutu, ganda, kizibo, kitako: yote haya ni maneno yetu, na mengine yamekuwa kinywani mwa watu wa pwani tangu enzi za magobori. Tulichokipoteza si maneno bali ni tabia ya kuyapima kabla ya kuyatumia. Mfasiri hulichukua neno la kwanza linalomjia, likaingia katika sentensi bila kukwaruza, naye akaridhika. Tumekwisha kuona kwamba kuingia si kufaa.

Basi nawaomba walimu wenzangu wafanye jambo moja muhula huu. Wachukueni wanafunzi wenu, wapeni maagizo mafupi ya kazi yoyote yenye hatari ndani yake, iwe ni jiko la gesi, iwe ni waya za umeme, na muwaambie wayaandike kwa Kiswahili. Kisha mtu mwingine, asiyekuwapo, ayasome kwa sauti na kuonyesha kwa kidole kila kitu kilichotajwa. Pale kidole kitakapositasita, neno hilo litengwe litafutiwe jingine. Mwanafunzi wangu alifanya hivyo. Sentensi yake sasa inasema kwamba ganda likinasa ndani ya mtutu, usipakie kiasi kingine mpaka mtutu uwe umekaguliwa na kuonekana mweupe toka mwisho hadi mwisho. Imekuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza, na hakuna atakayeisoma akauliza: ipi?