Fungueni Kabati la Nota!

Ndugu msomaji, ukitaka kuona ubahili wa kweli, achana na wenye maduka. Nenda kamwombe mwalimu wa bendi nota.

Mimi nimewahi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, nina klarineti ya kuazima iliyofungwa kwa raba bendi mbili. Nikatoka kwetu karibu na Mchuchuma, nikapanda basi mpaka Njombe, Njombe nikapanda jingine mpaka Makambako, maana niliambiwa kuna mzee ana kabati zima la karatasi za muziki wa kupuliza. Kweli anazo. Niliziona kwa macho yangu, zimefungwa kamba, panya wameshaanza kuzihariri. Akaniambia, "Kijana, hizi ni mali ya bendi." Bendi yenyewe haijapiga tangu niko darasa la tatu! Nikamuaga kwa heshima, nikageuza.

Sisi wa Mchuchuma tunaijua mali iliyolala. Makaa ya mawe yako chini ya miguu yetu. Mkataba na Wachina ulisainiwa mwaka 2011, na mimi nimekua mpaka nimeota ndevu nikiambiwa subiri. Sawa, makaa yanataka mitambo na mabilioni. Karatasi inataka nini? Fotokopi tu, bwana!

Kuna jambo linanikera zaidi. Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo. Mpingo huu huu, mti wetu wa taifa, unaoota kule Kilwa na kukaa miaka sabini, hata mia, kabla ya kufaa kupasuliwa. Gogo linakwenda Ulaya, kwa mafundi kama wale wa Buffet Crampon huko Mantes-la-Ville, Ufaransa, na likirudi lina vifungo vinavyong'aa na bei ambayo baba yangu auze ng'ombe wote haifikii. Baadhi ya vijiji vya Kilwa vilijitahidi, mwaka 2009 vikapata cheti cha FSC cha kuvuna misitu yao kwa utaratibu. Heko kwao. Lakini mbao ni yetu, pumzi ni yetu, na bado kijana wa Kilwa au wa Ludewa hana hata wimbo mmoja ulioandikwa kwa ajili ya chombo hicho. Hapo wa kulaumiwa si Mfaransa.

Wanakwaya wametuacha mbali. Mkatoliki mwenye simu anaingia Swahili Music Notes, anakuta nota za kwaya kwa maelfu, Jumapili anaimba. Utasema za kwaya hazitufai, na ni kweli klarineti ya B flati ina vituko: kwaya ikiimba C, wewe unatakiwa usome D. Saksafoni ya alto ndiyo usiseme, yeye asome A. Wengi wamekata tamaa hapohapo, wakidhani sikio lao ni bovu. (Baridi ya Njombe nayo inachangia. Chombo kikipoa sauti inashuka, na ukikipasha ghafla jikoni mpingo unapasuka. Usiniulize nilijuaje.)

Kumbe dawa iko kwenye makaratasi ya kwaya yenyewe. Solfa! Do, re, mi ya makwaya yetu haina C wala D, do inahama na ufunguo. Ukishajua do ya wimbo ule iko kidole gani kwenye klarineti yako, unasoma mstari wa soprano moja kwa moja. Mwenye saksafoni anaanzia do yake, wa filimbi yake, karatasi ni ileile. Watatu mnapuliza pamoja jioni hiyohiyo. Kuligundua hili peke yangu kulinichukua miezi minne. Mwenye kabati angenieleza kwa dakika tano. Ndiyo hasira yangu yote.

Wapo watakaonijia juu: na haki ya mtunzi je? Tuelewane. Mimi naandika riwaya, nataka siku moja nilipwe, na sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Mtunzi aliye hai aombwe, jina lake liandikwe juu ya karatasi, akidai chake apewe. Lakini Mozart alifariki 1791, mwaka uleule aliomaliza utungo wake mkubwa wa klarineti na okestra. Unamfungia kabatini kwa niaba ya nani?

Na nyie waandishi wenzangu msijifanye hayawahusu. Nani kati yetu alinunua riwaya yake ya kwanza? Ben Mtobwa mimi nilimsoma bila jalada, kurasa za mwisho zimechanwa, ikabidi nijitungie mwisho. Ndipo nilipoanza kuandika. Kitabu kile kilishapita mikono mingi kabla ya yangu.

Basi nimeanza. Nina nyimbo kumi na moja nilizonakili kwa mkono, solfa upande huu, nota za klarineti upande wa pili. Jamaa mmoja wa saksafoni niliyemkuta stendi ya Makambako kanipa tatu za dansi alizozidaka kwa sikio. Tuko wawili. Atakayepita Makambako, kwa basi la Songea au la Mbeya, abebe alichonacho, hata ukurasa mmoja uliochanika. Kopi ni juu yangu. Yule mzee naye namkaribisha, aje na panya wake.