Kufundisha watoto kuogelea ku Ziwa Kivu: programu ya telefone itasaidia wapi?

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Watu walikuwa ku ngambo wanaona kwa macho yao. Wasafiri wengi walikuwa wamechagua maji juu barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita. Kisha ajali, swali likawa: ndani walikuwa watu wangapi? Gavana wa Kivu ya Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema 278, na wafu 78. Viongozi wa Kivu ya Kaskazini wakatoa hesabu ya wafu iliyo chini ya ile. Boti moja, hesabu mbili: ni kusema liste ya kuaminika haikuwa.

Kila mara boti ikizama tunasikia habari ya jile. Hata mwaka 2019, kisha ajali ya Kalehe, Rais Félix Tshisekedi alisema kila msafiri aivae. Ni vizuri. Lakini mtoto anayetumwa na bidoni kuchota maji ya ziwa asubuhi, yeye havai jile. Ndiyo maana Shirika la Afya la Dunia (OMS) linaomba watoto wa masomo, kuanzia miaka 6, wafundishwe kuogelea na kujilinda ndani ya maji.

Na pale ndipo habari ya programu inaingia. Uingereza, masomo ya kuogelea yamepangwa kwa hatua, na mtoto anatakiwa kuogelea metre 25 mbele ya kumaliza masomo ya msingi. Mwalimu anasimama pembeni ya pisini na tableti mkononi: nani amekuja, nani amekosa, nani amejua kuelea kwa mgongo. Mzazi anaona ku telefone yake, analipa palepale. Kundi likijaa, programu inakataa jina lingine.

Kule kukataa ndiko kuna maana kubwa. Kwetu tunajua maneno haya: « Ongeza huyu mmoja tu, nafasi haikosekane. » Boti zinajazwa vile, na darasa la kuogelea litajazwa vile vile. Mwalimu mmoja hawezi kuchunga vichwa 30 ndani ya maji. Mashini haina shemeji wala jirani wa kuonea haya; ikiandika « kundi limejaa », limejaa.

Kuitengeneza si mlima. Kijana wa Goma ao Bukavu aliyesoma kompyuta anaweza kupanga jina, umri, kundi, hatua na siku za kuhuzuria. Tena pengine hakuna haja ya kuanza ku zero: vijana wengi wanaofanya anketi za mashirika wanajua KoboCollect, ambayo inaandika bila rezo na kutuma rezo ikirudi. Ila sehemu ya kulipa kwa banki, kama ya Ulaya, hapa itupwe tu. Ku Goma banki zilifungwa mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia, na watu wakabaki na pesa ya telefone.

Ugumu uko kwingine. Programu inaandika « amefaulu », lakini kufaulu ni nini? Bangladesh, mpango SwimSafe unafundisha watoto ndani ya visima vya samaki vya vijiji, juu ya majukwaa ya mianzi. Mtoto anamaliza akiogelea metre 25 na kuelea sekunde 30. Hiyo inapimika. Ila ziwa letu si kisima: ku Goma ngambo ni mawe ya volkano, na upepo ukiamka mawimbi si ya mchezo. Mtoto aliyefaulu mahali petu pa kina kifupi asiambiwe kwamba amelishinda ziwa.

Na kuna jambo ambalo mtengenezaji wa Ulaya hawezi kuliwaza haraka. Liste ya watoto, umri wao, mtaa wao, namba ya mzazi, siku na saa wanakutana: mahali ambapo vikundi vya silaha vinachukua watoto kwa nguvu, karatasi kama ile ni hatari. Congo iko na sheria, Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, inayolinda habari za watu. Lakini sheria haizuie mtu mwenye bunduki kunyanganya telefone ya mwalimu barabarani.

Kwa hiyo ndani ya telefone namba ya mtoto inatosha: 014, hatua ya 2, amehuzuria. Majina yabaki ndani ya kaye, kwa mkubwa wa masomo, chini ya kufuli. Na mwalimu akitoka ndani ya maji ahesabu vichwa mbele ya kugusa telefone.